Tovuti ya kamati, na ufunguo ulioko Doha

Nimepata maswali mawili yanayofanana, moja kutoka Malindi na jingine kutoka Lamu. Kamati ya msikiti na kamati ya chuo cha watoto, kila moja kwao, zataka kufungua tovuti. Zauliza: tumtafute fundi atutengenezee kurasa moja moja kwa mkono, au tutumie hii mifumo ya kusimamia maudhui ambayo vijana wanaitaja kila siku? Na faida yake ni ipi hasa, ama ni maneno ya kutuuzia tu?

Jawabu langu fupi: tumieni mfumo. Jawabu refu nitalitoa huku Kisumu, kwa sababu ndiko ninakoishi mwaka wa tisa sasa, na ndiko nilikoona kwa macho yangu mambo yanavyokuwa pale ambapo mfumo haupo.

Kuna kamati ya msikiti katika mji mmoja wa ufuoni mwa ziwa, safari ya matatu moja kutoka Kisumu. Mji siutaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mwaka 2014 kijana mmoja wa hapo hapo, hodari kweli kweli, aliwatengenezea tovuti bure, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ilikuwa na kurasa 31. Kila ukurasa aliuandika mwenyewe kwa msimbo wa kompyuta, na chini ya kila mmoja akaweka jina la mweka hazina na nambari yake ya simu ya kupokelea michango. Ikapendeza, watu wakasifu. Baada ya miaka miwili kijana akapata kazi Doha. Akaenda, Mungu amzidishie riziki, na neno la siri la tovuti akaenda nalo kichwani.

Halafu mweka hazina akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Laini yake ikakaa bila kutumiwa, na laini iliyokaa muda mrefu hivyo hurudishwa dukani ikauziwa mtu mwingine. Nambari ile ile ikawa mfukoni mwa mtu asiyeujua msikiti wala kamati. Lakini kwenye tovuti, chini ya kurasa zote 31, ilikuwa ingali pale: michango ya paa itumwe hapa.

Watu wa mji waliambiwa baada ya swala ya Ijumaa, wakajua. Walioko mbali hawakuwepo Ijumaa hiyo. Mama mmoja, muuguzi Uingereza, alituma mchango akaona jina la mpokeaji silo analolijua, ndipo akapiga simu nyumbani kuuliza. Wengine hawakutazama jina. Pesa zenyewe hazikuwa za kujenga ghorofa. Maneno ndiyo yaliyokuwa makubwa: kamati imekula paa. Wazee ambao hawajawahi kugusa hata shilingi ya sadaka wakawa wanapita sokoni wameinamisha vichwa.

Kamati ilijua tatizo liko wapi. Tarakimu kumi tu, na hapana mtu mjini aliyeweza kuzibadilisha. Kijana wa Doha alikuwa amebadilisha simu na hapatikani kwa urahisi. Fundi wa pili alipoletwa akasema hana pa kuingilia, na hata akipata itabidi afungue faili 31 moja baada ya nyingine. Akataja bei. Wazee wakanyamaza.

Sasa tuje kwenye maelezo yenyewe. Chukua kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Vyote vitatu huchapwa pamoja kiwandani, na ukitaka jina jingine huna budi ununue kanga nyingine. Tovuti ya kuandikwa kwa mkono ni vivyo hivyo: rangi, mpangilio na maneno vimechapwa pamoja ndani ya faili moja, na asiyejua msimbo hawezi kuligusa neno bila kulitatua pindo. Mfumo wa kusimamia maudhui unavitenganisha. Pindo na mji vinakaa upande mmoja, katika kiolezo. Jina, yaani maneno yenu, picha zenu, nambari zenu za simu, linakaa upande wa pili katika hifadhidata, ambayo ni kama daftari kubwa lililopangwa kwa mistari. Mtu anapoifungua tovuti yenu kwenye simu, mfumo unachukua maneno daftarini, unayavika kiolezo, unampelekea. Nambari ya mweka hazina huandikwa mahali pamoja tu. Ukiibadilisha pale, imebadilika kote, kurasa ziwe 31 au 3,000.

Na pa kuibadilishia si penye msimbo. Unaingia kwa jina lako na neno lako la siri, unafika kwenye dashibodi, unakuta kisanduku cha kuandikia kama kile cha barua pepe. Unaandika, unaweka picha, unabonyeza kitufe cha kuchapisha. Anayeweza kutuma picha yenye maelezo kwa WhatsApp ataiweza kazi hii baada ya alasiri moja ya kufundishwa. Nimemfundisha ustadh mwenye miaka 58 ambaye kabla ya siku hiyo kompyuta kwake ilikuwa kitu cha wanawe. Kabla ya magharibi alikuwa amechapisha tangazo la usajili wa watoto, na kosa moja tu la herufi, ambalo alilirekebisha mwenyewe usiku akiwa kitandani, kwa simu.

Mifumo hii si mipya. Drupal ilitoka 2001, kazi ya Mbelgiji Dries Buytaert alipokuwa bado mwanafunzi. WordPress ilitoka tarehe 27 Mei 2003, mikononi mwa Matt Mullenweg wa Marekani, aliyekuwa na miaka 19, na Mike Little wa Uingereza. Joomla ikafuata 2005. Yote mitatu ni programu huria, maana yake hulipi kitu kuitumia, na mtu yeyote aruhusiwa kuifungua, kuitazama ndani na kuibadilisha. WordPress peke yake leo inaendesha zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani. Nayataja hayo kwa sababu moja. Ukitumia kitu ambacho watu wengi namna hiyo wanakitumia, fundi wako akiondoka utampata mwingine Mombasa, Kisumu, hata Mpeketoni. Ukitumia kitu alichokibuni mtu mmoja kichwani mwake, umeoa kichwa hicho.

Lakini mfano mkubwa zaidi wa faida ya mfumo haukutoka Marekani wala Ubelgiji. Umetoka hapa kwetu Kenya, na Kisumu imo ndani yake kwa machungu.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, nchi ikawaka, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia sana, wengi wao kwa risasi. Ukiwa Mombasa wakati ule hukujua kinachotokea Kondele, na aliyekuwa Kondele hakujua kinachotokea mtaa wa pili.

Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya, alikuwa na ukurasa wake wa intaneti, Kenyan Pundit. Watu wakawa wanamletea habari: huku nyumba zimechomwa, huku watu wamepigwa risasi, huku kuna familia zimekwama. Yeye akizisoma, akizichuja, akiziweka. Mtu mmoja, mlango mmoja, na habari zinamiminika. Mapema Januari 2008 akauliza hadharani kama kuna mafundi wanaoweza kuziweka habari hizo kwenye ramani. David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman wakaingia kazini pamoja naye na wengine wa kujitolea, na katika muda wa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani.

Tazameni walichokifanya, kwa sababu ndicho ninachokieleza. Hawakutengeneza kurasa. Walitengeneza mahali pa kuingizia. Mwenye simu ya kawaida angetuma ujumbe mfupi, mwenye intaneti angejaza fomu. Taarifa ikaingia kwenye hifadhidata ikiwa na mahali, tarehe na aina ya tukio. Msimamizi akaihakiki, kisha ikatokea kwenye ramani. Aliyeona kwa macho ndiye aliyeandika, na kazi ya fundi ikawa kuuweka mlango wazi. Kwa kuwa ilikuwa programu huria, tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, mfumo ule ule uliozaliwa kwenye machafuko yetu ulitumika kule kuonyesha walikokwama watu. Haukuhitaji kuandikwa upya. Walibadilisha jina la kanga, pindo likabaki.

Najua mtasema, sisi twataka kutangaza saa za swala na michango ya paa, hatutaki ramani ya vita. Naam. Ila shida ya Okolloh na shida ya ile kamati ya ufuoni ni moja: kila neno lilipita kwa mtu mmoja.

Ndiyo maana katika faida zote, ile niliyoiona ikiwasaidia watu wa huku zaidi ni kugawana ngazi. Mfumo unakubali kila mtu awe na ufunguo wake, na kila ufunguo ufungue vyumba vyake tu. Mwalimu wa chuo aandike tangazo la mtihani lakini asiweze kulichapisha mpaka katibu alisome. Katibu achapishe, lakini asiweze kugusa mipangilio. Msimamizi mkuu awe na yote, na wawe wawili, kwa sababu wanadamu husafiri na hufariki. Mtu akitoka kwenye kamati, ufunguo wake unafungwa kwa kubonyeza mara moja, na aliyoyaandika yanabaki.

Faida ya pili, ambayo wazee wa kamati huipenda kuliko vijana, ni kumbukumbu. WordPress na wenzake huhifadhi matoleo ya nyuma ya kila ukurasa: nani alibadilisha, lini, na kabla yake palikuwa pameandikwaje. Hebu fikiria hilo katika hesabu za msikiti. Mmetangaza kwamba mmekusanya kiasi fulani, wiki ya pili tarakimu imebadilika. Kwenye karatasi ya ubaoni utagombana na nani? Kwenye mfumo unafungua toleo la Jumanne, unaliona, na jina la aliyelibadilisha liko pembeni. Amana hailindwi kwa nia njema peke yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandikiana deni, nasi tungali twaulizana kama kuandika ni lazima.

Kuna na kupanga wakati, ambako nitakupitia haraka. Ratiba ya Ramadhani yaweza kuandikwa Rajabu ikajitokeza yenyewe Shaabani inapokwisha. Kiwango cha zakatul-fitr kikatangazwa siku mnayotaka, hata kama katibu yuko safarini.

Nitoke msikitini kidogo niende ufuoni, maana Kisumu ni samaki. Ziwa lenyewe, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, Kenya ina sehemu ndogo tu, kama asilimia 6. Lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Kwenye asilimia hiyo 6 wanaishi wavuvi wa mbuta, wa ngege na wa omena, na akina mama wanaoanika omena juu ya nyavu kutoka Dunga hadi Mbita na Usenge. Shida yao ya miaka na miaka ni bei. Mnunuzi anakuja na lori lake na bei yake, na mama hajui kwamba mwalo wa pili bei ni tofauti. Omena aliyekaushwa atangoja siku mbili tatu, ila mbuta mbichi hangoji, barafu ikiyeyuka mnunuzi ameshinda.

Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ambayo makao yake makuu yako kwetu Mombasa, pale Mkomani, ina kituo Kisumu. Kutoka kituo hicho, kuanzia karibu na mwaka 2009 na kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ilianzishwa huduma ya habari za soko la samaki. Watu wa kwenye mialo walikusanya bei, wakazituma, zikaingia kwenye hifadhidata moja Kisumu, na mvuvi akaweza kuuliza kwa ujumbe mfupi bei ya mbuta mwalo fulani leo ni ngapi. Umeona mpangilio ni ule ule? Mwenye habari yuko mwaloni, si ofisini. Habari ya bei ina umri wa siku moja. Ukiwa na tovuti ambayo kila mabadiliko yanamngoja fundi wa mjini aamke, utatangaza bei ya juzi, na bei ya juzi ni afadhali kukaa kimya.

Vikundi vya mialo vyenyewe, vile vinavyoitwa BMU, vinaweza leo kufanya jambo dogo la namna hiyo kwa tovuti ya mfumo wa kawaida na katibu mmoja mwenye simu. Vijana wa kuwasaidia wapo. Mji huu una LakeHub, jumba la vijana wa teknolojia, na wasichana watano wa Kisumu Girls waliolelewa hapo walikwenda California mwaka 2017 na programu yao ya simu ya kuwasaidia wasichana wanaotishwa na ukeketaji. Watoto wa shule hao. Hatuna ruhusa ya kusema kazi hii ni ya Wazungu.

Hapa huwa naulizwa swali ambalo naliheshimu: tuna WhatsApp, tuna Facebook, watu wote wako huko, tovuti ya nini?

Facebook ni baraza ya mtu. Utaketi, utakunywa kahawa, utazungumza na wapitao, na hakuna ubaya. Ila mwenye nyumba akifunga mlango, huna la kusema. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima zote kwa pamoja kwa muda wa kama saa sita, dunia nzima. Saa sita si nyingi. Lakini siku hiyo, mwenye tovuti yake aliendelea kusomwa, na asiyekuwa nayo alitoweka. Kuna na hili la kila siku: tangazo la WhatsApp la mwezi uliopita liko wapi? Liko chini ya picha za maua za asubuhi njema. Mzazi mpya anayetafuta karo ya chuo chenu kwa Google hatalipata huko kamwe, kwa sababu Google haiingii kwenye kundi lenu. Kwenye tovuti ya mfumo, kila tangazo lina anwani yake, tarehe yake na kichwa chake, na mtafutaji analiona miaka mitano baadaye. Tumieni baraza kuwaita watu, kisha muwalete nyumbani kwenu.

Wazee wetu walilielewa hili na zana duni kabisa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza Sahifa Mombasa mwaka 1930, karatasi ndogo tu, na 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Angeweza kungoja magazeti ya wakoloni yamchapishie. Hakungoja. Na huku ziwani, shirika la Luo Thrift la Jaramogi Oginga Odinga, lililoanza miaka ya 1940, lilishika na kazi ya uchapishaji pamoja na biashara zake nyingine, maana walijua mwenye matbaa ndiye mwenye neno. Laiti mmoja wao angeambiwa kwamba siku moja itakuja matbaa ya bure, inayokaa mfukoni, sijui angesema nini akituona tunauliza faida yake.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Mfumo unataka kutunzwa. Kwa kuwa unatumiwa na mamilioni, wadukuzi nao wanaujua; kila tundu likigunduliwa linatangazwa na kuzibwa, na asiyesasisha anabaki na tundu lake wazi huku dunia nzima ikijua liko wapi. Januari 2012 mdukuzi mmoja wa Indonesia aliziharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Ikiwa wizara zilichafuliwa, chuo chenu hakina kinga ya pekee. Kusasisha ni kubonyeza kitufe mara moja kwa wiki. Awekwe mtu, aitwe kwa jina, aulizwe kila mkutano. Nakala ya akiba itolewe kila mwezi ikae mahali pengine, si kwenye seva ile ile. Nyumba ikiungua, nakala iliyo kabatini nayo imeungua.

Jihadharini pia na vile vipande vya nyongeza na violezo vya kulipia ambavyo vijana huvishusha bure kwenye tovuti za wizi. Nimeona tovuti ya shule moja huku ikianza kutangaza kamari usiku, mchana imetulia. Mlango ulikuwa kwenye kiolezo cha wizi. Vipande vya nyongeza viwe vichache: kimoja cha fomu, kimoja cha ulinzi, kimoja cha nakala, basi. Kila kinachoongezwa kinaifanya tovuti iwe nzito, na msomaji wenu yuko Faza au Mfangano kwa bando ya shilingi ishirini. Picha za harusi zenye uzito wa mlima muziache kwenye simu zenu.

Na kama kazi yenu ni ukurasa mmoja usiobadilika, mathalan seremala anayetaka watu waone picha sita na nambari yake, mfumo haumhitaji sana. Ukurasa mmoja wa mkono unamtosha, ni mwepesi na hauna mengi ya kudukuliwa. Mfumo ni wa wenye maneno yanayohama: kamati, chuo, kikundi cha akiba, ofisi ya wadi. Hizo ofisi za umma tena zina deni la kisheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inazitaka zitangaze mambo yao bila kungoja kuombwa. Makadirio ya bajeti yakiwekwa kwenye tovuti baada ya mkutano wa wananchi kwisha, hayo ni ya kumbukumbu tu.

Chuo cha Lamu nikiongezee jambo moja ambalo hawakuuliza. Msiweke picha za mayatima na majina yao ili kuombea michango. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kabla ya sheria tuna haya. Mtoto yule atakua, atajitafuta kwenye Google, atajikuta ameshika sahani.

Ile kamati ya ufuoni, alhamdulillahi, ilitoka. Kijana wa Doha alipatikana kupitia shangazi yake, lakini jina la tovuti lilikuwa limeandikishwa kwa barua pepe ambayo yeye mwenyewe alikuwa amesahau kuingilia, na muda wake ukaisha. Wakanunua jina jipya. Fundi akaweka WordPress kwa siku mbili, maneno ya kurasa 31 yakahamishwa na wanafunzi wawili wa sekondari wakati wa likizo, na walipoyasoma wakagundua kurasa 19 zilikuwa zikirudia jambo lile lile. Zikabaki 12. Nambari ya michango sasa ni ya akaunti ya msikiti, si ya mtu. Msimamizi mmoja ni katibu, wa pili ni mwalimu wa kike wa madrasa, ambaye ndiye anayeandika zaidi ya wote.

Kwa hiyo Malindi na Lamu, kabla ya kumlipa fundi yeyote shilingi, lianzeni jina. Majina yanayoishia .ke yanasimamiwa na KeNIC na huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Mashirika yasiyo ya faida hutumia.or.ke, shule .sc.ke. Liandikishwe kwa jina la kamati, kwa barua pepe ya kamati ambayo watu wawili wanaweza kuifungua, na risiti iingie kwenye faili pamoja na hati ya kiwanja. Fundi apewe ufunguo wa kufanyia kazi, naye siku ya kumaliza akabidhi maandishi yanayosema seva imekodiwa wapi, inalipiwa mwezi gani, na nani ana ngazi ipi. Akisita kuandika karatasi hiyo, mtafuteni mwingine. Malindi mnaye kijana wa Shella aliyenipigia wiki jana akitafuta kazi ya namna hii. Akiniruhusu nitawapa nambari yake.